Mkomamanga wa Uani: Kuupanda, Kuulea na Kuungojea



Si mara chache mkomamanga hukatwa katika nyua zetu kabla haujapata kuzaa. Mti hupandwa kwa furaha, humea vizuri, na kufikia mwaka wa tatu hujaza ua kwa maua mekundu. Kisha maua yale hupukutika yakatapakaa chini, wala lisibaki tunda hata moja. Mwaka wa nne huwa vivyo hivyo. Mwaka wa tano wenye nyumba huchoka. Mmoja husema mti ni tasa, na mwingine hunong'ona kwamba umepata jicho la jirani aliyepita akausifu bila kusema maashaallah. Basi huletwa shoka, na pengine mti unapoanguka huanguka nao ujirani wa nyumba mbili zilizokuwa zikipelekeana sahani kila Ramadhani.

Kwamba jicho lipo tumefunzwa, na kinga yake tumefunzwa pia. Lakini dhana mbaya nayo tumekatazwa, na mti una sababu zake ambazo mtu mwenye macho na subira anaweza kuziona. Makala haya yanaeleza namna ya kuupanda mkomamanga katika ua wa nyumba ya pwani, namna ya kuulea, na namna ya kuyasoma maua yake kabla ya kuuhukumu.

MTI WA MANGA

Manga ni jina la kale ambalo Waswahili waliziita nchi za Uarabuni, hasa upande wa Omani, na tunalisikia hadi leo tunaponunua pilipili manga. Asili ya mti wenyewe ni Uajemi na nchi zilizo jirani nayo, hadi kaskazini ya India. Waarabu huuita rummaan, na kwa jina hilo umetajwa mara tatu katika Qur'ani Tukufu: mara mbili katika Suratul An'aam na mara moja katika Suratur Rahmaan, ambamo umewekwa pamoja na mtende miongoni mwa neema za Peponi.

Wenye jamaa Omani wamesikia sifa za makomamanga ya Jabal Akhdar, milima inayofikia mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Huko miti hupandwa katika matuta yaliyojengwa kwa mawe ubavuni mwa mlima na kunyweshwa kwa mifereji ya kale iitwayo falaji. Anayepata habari hizo huenda akadhani kwamba mti huu hauwezi kuishi pasipo baridi ya mlimani. Sivyo. Mkomamanga huistahimili baridi, lakini hauihitaji ili uzae. Katika jimbo la Maharashtra nchini India hulimwa kwa wingi kwenye tambarare zenye joto kali na mvua haba.

Pwani yetu ina mambo matatu yanayoufaa. La kwanza ni jua. La pili ni udongo wa matumbawe wenye chokaa nyingi, ambao miti mingi ya matunda huukataa, lakini mkomamanga huuvumilia. La tatu ni kwamba huvumilia chumvi kidogo katika maji kuliko mchungwa au mparachichi. Lina mawili pia yanayoudhi: unyevunyevu wa hewa, ambao huleta ukungu na madoadoa juu ya matunda, na mvua kubwa za masika, ambazo huangusha maua na kupasua matunda yaliyokaribia kuiva. Mlezi wa mkomamanga wa pwani kazi yake kubwa ni kuusaidia mti katika hayo mawili.

KUPATA MCHE

Mbegu ya komamanga huota kwa urahisi, na watoto hupenda kuiotesha. Lakini mti uliotokana na mbegu hauwi lazima kama mama yake. Tunda ulilolila likawa tamu kama asali laweza kukuzalia mti wa matunda makali, nawe hutalijua hilo ila baada ya miaka kadhaa ya kungoja.

Njia ya uhakika ni kukata kipande cha tawi kutoka kwa mti unaoujua kuwa huzaa vizuri. Chagua tawi lililokomaa, lenye umri wa mwaka mmoja hivi, unene wa penseli. Likate vipande vya sentimita 20 hadi 25, upande wa chini uwe sawa na upande wa juu uwe mshazari, ili usisahau upi ni upi wakati wa kupanda. Choma vipande hivyo ardhini au katika mfuko wenye mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza, theluthi mbili iwe ndani na theluthi moja nje. Weka pahali penye kivuli chepesi na unyevu usiokatika. Baada ya majuma machache machipukizi yataanza kuonekana. Usiuhamishe mche kwa kuona majani pekee, kwani majani hutangulia mizizi. Ngoja miezi mitano au sita, mizizi ishike barabara.

Panda vipande vinne au vitano hata kama unataka mti mmoja, maana si vyote vitashika. Vitakavyozidi, mpelekee jirani. Ukinunua mche kwa muuza miche, muulize ulitokana na mbegu au na tawi, na aina yake ni ipi. Aina ya Bhagwa, inayopandwa sana India, ina punje nyekundu tamu na laini kutafuna. Aina iitwayo Wonderful, iliyoenea kutoka Marekani, huwa na tunda kubwa lenye ukali kidogo.

MAHALI NA SHIMO

Mkomamanga unataka jua la saa sita kwa siku, lisilopungua. Hili ndilo jambo ambalo nyumba za leo huliharibu. Ua uliokuwa wazi huzungukwa na ghorofa, na mti uliokuwa ukizaa hubaki na majani tu. Kabla ya kuchimba, tazama kivuli cha ukuta asubuhi, adhuhuri na alasiri. Ikiwa jua halifiki ila saa mbili au tatu, panda kitu kingine hapo.

Uweke mti umbali wa mita 3 kutoka ukutani, na mbali zaidi na shimo la choo. Mkomamanga hufikia kimo cha mita 3 hadi 5, na una tabia ya kutoa machipukizi kutoka mizizini pande zote. Ukiupanda kando kabisa ya ukuta wa mpaka, nusu ya mti itakuwa kwa jirani, na kila mwaka mtakuwa na la kuzungumza.

Chimba shimo la sentimita 60 kwenda chini na sentimita 60 kwa upana. Penye mwamba wa matumbawe itabidi kutumia mtaimbo, na ni heri kutumia nguvu siku hiyo moja kuliko kuuacha mti ukihangaika maisha yake yote juu ya jiwe. Likiisha kuchimbwa, mimina ndoo ya maji. Ikiwa maji yamo bado kesho yake, mahali hapo panatuama. Ama utafute pengine, ama uinue tuta la nusu mita upande juu yake, maana mizizi ya mkomamanga huvumilia kiu lakini haivumilii kuzama.

Changanya udongo uliotoka na madebe mawili ya samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza sawasawa. Samadi mbichi huunguza mizizi, na ya kuku ni kali zaidi. Panda mche kwa kina kile kile ulichokuwa nacho mfukoni, shindilia udongo kwa miguu taratibu, kisha nywesha. Wakati mzuri wa kupanda ni mwanzo wa mvua, ama mwisho wa Machi ama mwezi wa Oktoba. Penye udongo mzito ni bora kungoja Oktoba, kwa sababu mvua za Mei, ambazo ndizo kubwa kwetu, zaweza kuuzamisha mche mchanga.

Aishiye kwenye ghorofa asikate tamaa. Pipa au chungu cha lita 40 hivi, kilichotobolewa vizuri chini, chatosha kwa mkomamanga mdogo juu ya dari au roshanini, mradi jua lifike. Upo hata mkomamanga wa kimo kifupi sana unaofaa vyungu, ingawa matunda yake ni madogo na makali. Mti wa chunguni hukauka upesi, basi utazamwe kila siku wakati wa kaskazi.

MAJI, NA CHUMVI YAKE

Mche mpya katika mwaka wake wa kwanza unahitaji lita 20 kwa juma, zigawanywe mara mbili. Jua la Januari na Februari likiwaka, ongeza mara ya tatu. Mti mkubwa wenye matunda unywe kwa wingi mara moja kwa juma, lita 40 hadi 60 zikienda chini taratibu. Kunyunyiza kikombe kila jioni ni kazi bure, kwa kuwa maji hulowesha juu tu na mizizi hubaki ikitafuta unyevu juu, mahali ambapo jua huikausha.

Najua kwamba katika mitaa mingi maji hununuliwa kwa mtungi, na hakuna mama wa nyumbani atakayekubali kumwaga shilingi zake mizizini. Lakini nyumba ina maji mengi yanayopotea. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanaufaa mti. Maji ya kutawadhia, yakikingwa kwa beseni, yanaufaa pia, na katika nyumba ya watu sita hayo pekee hujaza ndoo kwa siku. Usimwage maji ya sabuni ya unga au ya dawa ya kung'arishia nguo, wala maji yaliyolowekewa ng'onda au papa mkavu, kwa kuwa chumvi yake ni nyingi.

Tatizo la chumvi liko pia ndani ya visima vyetu. Maji matamu ya visiwani ni tabaka jembamba linaloelea juu ya maji ya bahari, na likitekwa kupita kiasi, bahari hupanda kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana watu wa Lamu huvilinda vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo huhifadhi maji ya mvua yanayonywewa mjini. Ikiwa kisima chako kimeanza kuwa na chumvi, utaona kwanza katika majani: ncha na kingo hukauka zikawa rangi ya kahawia, kana kwamba zimepitiwa na moto. Kinga maji ya mvua kutoka paani, na mara moja kwa mwezi uunyweshe mti hayo kwa wingi ili yasukume chumvi chini ya mizizi.

Funika ardhi kuzunguka shina kwa majani makavu au makumbi ya nazi, unene wa kiganja, lakini usiyagusishe na shina lenyewe. Hufunika unyevu, na yakioza huwa chakula. Mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa masika na mwanzo wa vuli, ongeza debe moja la samadi iliyooza. Majani yakiwa ya manjano ilhali mishipa yake imebaki kijani, hiyo ni dalili ya chokaa ya matumbawe kuzuia chuma kisifike mtini, na samadi ya mara kwa mara hulipunguza hilo.

MASHINA MANGAPI?

Mkomamanga ukiachwa huwa kichaka. Hutoa mashina kumi, ishirini, yote membamba, yakigombania jua na chakula, na katikati hakupiti upepo wala mkono. Ndani ya kichaka hicho hukaa unyevu, na katika unyevu hukaa ukungu. Kwa mti wa pwani kupogoa ni afya yake.

Mwisho wa mwaka wa kwanza chagua mashina matatu yenye nguvu, au manne, yaliyosimama kwa kutengana. Hayo ndiyo mti wako. Mengine yote yakate chini kabisa, usawa wa udongo. Kuna wanaopenda shina moja, kwa kuwa hupendeza. Lakini mashina matatu yana amani zaidi, maana likishambuliwa moja na mchwa au kuvunjwa na upepo wa kusi, mawili hubaki yakizaa huku unalea lingine badala yake.

Tangu hapo, kila baada ya miezi mitatu au minne ondoa machipukizi yanayotoka mizizini. Yakiwa machanga yang'oe kwa mkono, kwani yakikatwa kwa kisu huzidi kutoka. Baada ya mavuno ondoa matawi makavu, yanayosuguana, na yale yanayoelekea ndani, mpaka uweze kuona mbingu ukisimama chini ya mti. Tumia makasi makali ya kupogolea, na uyafute kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine. Vaa glavu au ujifunge kitambaa mikononi, maana mti huu una miiba, na watoto waangaliwe.

Kuna kosa moja linalofanywa na vijana wanaolipwa kupunguza miti: huuzungushia makasi pande zote kama wanavyofanya ua wa michongoma, ukapendeza kama mpira. Mkomamanga huzaa kwenye vijitawi vifupi vilivyo juu ya matawi ya miaka miwili au mitatu, hasa upande wa nje unaopigwa na jua. Anayezikata ncha zote kila mara huyatupa matunda ya mwaka ujao. Simama naye anapokata.

UA LA KENGELE NA UA LA GUDULIA

Sasa twende kwenye swali lililoleta shoka.

Mkomamanga mmoja hutoa maua ya aina mbili. Lokota machache uyatazame. Ua la kwanza lina umbo la kengele. Kitako chake ni chembamba, limefunguka mdomoni, na ukilipasua hukuti tumbo la kukaa mbegu. Hilo ni ua dume. Kazi yake ni kutoa chavua, na likiisha kazi huanguka. Ua la pili lina umbo la gudulia. Kitako kimevimba, shingo imebana kidogo, na ndani mna tumbo la mbegu tayari. Hilo ndilo liwezalo kuwa komamanga.

Mti wenye afya kamili huangusha maua mengi, kwa kuwa mengi ni ya kengele. Kuanguka kwake hakuna dosari. Swali la kujiuliza ni kama magudulia yapo, na kama yapo, yamepatwa na nini.

Ikiwa umetafuta mtini na chini usione ila kengele, basi mti hauna nguvu za kutoa magudulia. Mti mchanga huwa hivyo katika miaka yake ya mwanzo, na dawa yake ni kungoja. Mti mkubwa huwa hivyo ukikosa jua, ukikosa chakula, au mashina yake yakiwa mengi kupita kiasi. Kinyume chake pia ni kweli: mti uliopewa samadi ya kuku kupindukia huneemeka kwa majani na kusahau maua.

Ikiwa magudulia yapo lakini yanaanguka yakiwa madogo, sababu ni nyingine. Yaweza kuwa kiu iliyofuatwa na maji mengi kwa ghafla. Yaweza kuwa mvua ya siku nyingi, iliyoosha chavua na kuwazuia nyuki. Yaweza kuwa dawa ya wadudu iliyopulizwa wakati wa maua ikawaua nyuki hao. Ikiwa nyuki ni wachache mtaani kwako, chukua ua la kengele asubuhi, toa petali zake, na usugue chavua yake taratibu katikati ya magudulia. Ni kazi ya dakika kumi, na mtoto wa miaka minane huiweza.

KUUPUMZISHA MTI

Wakulima wa India wana desturi ya kale waiitayo bahar. Huunyima mti maji kwa mwezi mmoja au zaidi hadi uanze kupukutisha majani, kisha huupogoa kidogo, huutia samadi, na kuunywesha tena taratibu. Mti uliopumzika hivyo huamka kwa maua mengi kwa pamoja.

Kwetu pwani waweza kujaribu hilo kwa mti uliopita miaka mitatu, mwezi wa Agosti na Septemba, wakati mvua zimepungua. Ukianza kuunywesha mwisho wa Septemba, maua hutarajiwa Oktoba. Komamanga huchukua miezi mitano hadi saba tangu ua hadi kuiva, basi matunda hukua katika jua la kaskazi na kuwa tayari kuanzia Machi, kabla mvua kubwa hazijashika.

Ipo hekima ya wazee wetu hapa. Mwezi wa kiislamu hufuata mwandamo, na kila mwaka hutangulia siku kumi na moja hivi, kwa hiyo Ramadhani haiwezi kumwambia mkulima lini apande. Ndiyo maana wakulima na manahodha wa pwani walihesabu pia mwaka wa jua, kuanzia siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, wakagawa siku kwa miongo ya kumi kumi. Ibada walizifuatisha mwezi, na mashamba jua. Nawe weka daftari: andika siku mti ulipoanza kuchanua, siku ya mvua ya kwanza, na siku ya mavuno. Baada ya miaka mitatu daftari hilo litakuwa mwalimu wako kuliko makala haya.

KIWAVI, UKUNGU NA KUPASUKA

Adui mkubwa wa komamanga ni kipepeo mdogo anayetaga yai juu ya tunda changa, mara nyingi karibu na taji lake. Kiwavi hutoboa, akaingia, akala punje ndani, na tunda huoza. Akiisha kuingia hakuna dawa ya kumtoa. Kinga ni kulifunga tunda lifikiapo ukubwa wa ndimu kwa mfuko wa karatasi au wa kitambaa chepesi. Mfuko wa plastiki haufai, kwa kuwa hushika jasho na kuleta ukungu. Matunda yaliyotobolewa yaokotwe na kuchomwa, au yazikwe kwa kina. Ukiyaacha chini, unalea kizazi kijacho.

Vidukari hukusanyika kwenye vichipukizi laini. Wapige kwa maji, au tumia dawa ya mwarobaini: ponda gramu 50 za kokwa kavu, ziloweke usiku kucha katika lita 1 ya maji, chuja, tia tone la sabuni, na upulize jioni nyuki wamelala. Kwa ukungu, mlango wa kwanza ni kupogoa ili upepo upite, na kunywesha chini bila kulowesha majani.

Kupasuka kwa matunda hutokana na maji yasiyo na mpango. Ganda hukakamaa wakati wa kiu. Maji yakija kwa wingi, punje hufura ndani na ganda lisiweze kunyooka. Nywesha kwa kipimo kimoja tangu tunda liingie hadi livunwe. Mvua kubwa ikikaribia, vuna yaliyokwisha kuiva.

KUVUNA NA KULA

Komamanga likikatwa halizidi kuiva, tofauti na embe au ndizi. Usiwe na haraka. Lililoiva hupoteza mng'aro wa ganda, mbavu zake huacha umviringo zikawa na pembepembe, na ukiligonga kwa kidole hulia kama bati. Likate kwa makasi ukiacha kikonyo kifupi. Ukilivuta kwa nguvu utavunja kijitawi ambacho kingezaa tena. Ndani ya friji hukaa majuma kadhaa, na hata ganda likinyauka punje hubaki zina maji.

Ili usichafue nguo, lipasue ndani ya bakuli la maji. Punje huzama na ngozi nyeupe huelea. Doa la komamanga katika kanzu nyeupe halitoki kwa urahisi, na si ajabu, kwa kuwa maganda yake yalitumika tangu kale kutia nguo rangi na kulainisha ngozi.

Ni tunda lenye nyuzinyuzi, potasiamu na vitamini C, na kulitafuna ni bora kuliko kulikamua. Sharbati iliyoongezwa sukari si dawa ya mwenye kisukari, hata ikisifiwa vipi. Anayetumia dawa za presha au za kuzuia damu kuganda amuulize daktari wake kabla ya kunywa maji ya komamanga kila siku. La kuogopwa zaidi ni magome ya mizizi. Zamani yalichemshwa kutibu tegu, lakini yana sumu, na kipimo kinachoua mnyoo hakiko mbali na kinachomdhuru mtu. Asipewe mtoto wala mja mzito.

KABLA YA SHOKA

Tumefundishwa na Mtume (s.a.w.) kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Aliyeukata mti wenye uhai kwa kukosa subira ameufunga mlango huo kwa mikono yake, na aliyemtuhumu jirani bila ushahidi amefungua mwingine usiofaa.

Kwa hiyo mwenye mkomamanga usiozaa ajiulize haya kwanza. Je, umetimiza miaka mitatu, au minne? Je, jua hulipata kwa saa sita? Je, mashina yake ni matatu au ni kichaka? Je, maua yaanguayo ni kengele au ni magudulia? Je, maji huyapata kwa kipimo, au mafuriko leo na kiu majuma matatu? Ayarekebishe yaliyopinda, na aupe mti misimu miwili mizima, huku akiandika katika daftari lake.

Ukizaa, inshaallah, mavuno ya kwanza yatakuwa machache, pengine matunda matatu au manne. Moja lipelekwe nyumba ya jirani, kwa mkono wa mtoto, pamoja na salamu.